Hesabu Mpaka Kumi

Muulize mwengine njia za Maskati.
Mimi naujua mji huu kwa vyoo vyake:
kile cha pampu ya mafuta Barka, kisicho na kitasa,
cha msikiti wa Mabela, upande wa wanawake,
ambacho mlinzi hukifunga baada ya adhuhuri
akidhani hatuna haja kati ya sala mbili.

Skuli nafundisha hesabu, darasa la nne,
wasichana thelathini na wawili, na ubao
uliotundikwa juu kuliko kimo changu.
Nikijinyoosha kuandika, tone.
Nikipiga chafya kwa vumbi la Mei,
si tone.

Abaya nyeusi ina fadhila zake, haisemi.
Kiti ndicho kisemacho. Kwa hiyo sikalii kochi
la chumba cha walimu; nasema mgongo,
nipeni kile cha plastiki.
Nikiinuka, mkono hutangulia nyuma
kama wa mtu anayetafuta funguo.

Asubuhi najifukiza udi mara mbili.
Thuwaiba wa jiografia huninusa:
"Bibi harusi kila siku!"
Nami nacheka kwa midomo tu.
Cheko la tumboni nililiacha hospitali ya Rustaq
pamoja na kondo la mtoto wa tano.

Maji siyanywi. Joto digrii arubaini na sita,
na chupa yangu mezani imejaa mpaka shingoni,
ya kuonyesha watu.
Ramadhani ndiyo mapumziko yangu:
mchana kutwa hakuna aniulizaye kwa nini sinywi.

Kwa Kiarabu najua kusema kisukari, presha, kipandauso.
Hili nalijua kwa lugha ya mama tu,
aliyekuja nami mgongoni kutoka Unguja:
kikojozi.
Neno la mtoto ambaye godoro lake
huanikwa uani majirani waone.
Mtoto husemwa mpaka akakua akaacha.
Mimi nimekua, ndiyo nimeanza.

Mficha uchi hazai, wasema.
Nimezaa watano. Bado naficha.

Mpaka safari ya Nizwa, basi la skuli,
wasichana wanaimba, dereva hasimami,
na tuta moja la barabarani likanimaliza.
Nikafungua ile chupa ya kuonyesha watu
nikajimwagia yote mapajani,
nikapiga ukelele: "Ala! Maji yamenimwagikia!"
Basi zima likacheka. Nami nikacheka,
huku nikijua nimekuwa hodari kupita kiasi
katika jambo lisilofaa uhodari.

Kituo cha afya, chumba cha mwisho, binti wa mazoezi
akainua uso: "Mwalimu!"
Azza. Nilimfundisha jedwali la saba.
Nikageuka. Alikwisha kufunga mlango.
Akaniuliza mara ngapi, kiasi gani, tangu lini,
kama mtu aulizaye bei ya tende.
"Bana, kama unayezuia upepo mbele za watu.
Usizuie pumzi. Hesabu mpaka kumi. Achia."
Nikahesabu.
"Mwalimu, unahesabu mbio," akasema,
kwa sauti yangu mwenyewe ya miaka ile.

Siku hizi wasichana wakiimba namba zao
nami nasimama dirishani, nabana, naachia.
Hawajui kuwa darasa lina wanafunzi
thelathini na watatu.

Sikupona. Chafya bado ni chafya.
Lakini jana, mapumziko, nilikunywa gilasi nzima
mbele ya Thuwaiba, naye akaanza:
"Leo bibi harusi ana kiu!"
Nikamwambia. Kwa Kiswahili, neno lenyewe,
bila ya kuliviringa kitambaa.

Cheko lake likakatika.
Akaweka kikombe chini, akatazama mlango,
akavuta kiti chake karibu na changu
(cha plastiki, nacho; sijawahi kukiona),
akaniuliza polepole,
"Huyo binti, huwapo siku gani?"